Tabasamu la Zamu

Kwetu Gwata mtu hakusalimii "Jambo". Atakuuliza "Hujambo?" au atakupa "Shikamoo" kama umemzidi umri. "Jambo" tupu ni neno la kitalii, la hotelini hasa, na mie nalisoma kama werevu wa wahudumu: mgeni hawezi kufuata hujambo-sijambo-hatujambo, basi anakatiwa kipande anachoweza kukitafuna. Mwaka 1982 Them Mushrooms, bendi iliyokuwa ikipiga hotelini Mombasa, wakakifanya wimbo.

Werevu huo una historia. Wajerumani walijenga hoteli ya Kaiserhof, Dar es Salaam, mwaka 1906. Chini ya Waingereza ikawa New Africa. Enzi hizo mwanamume mwenye wajukuu aliitwa "boi", na ilibidi aitike kwa uso mkunjufu. Mwaka 1965 ikafunguliwa Hoteli ya Kilimanjaro, fahari ya nchi huru. Boi akawa mhudumu. Trei ikabaki ileile.

Mwaka 1970, miaka mitatu tu baada ya Azimio la Arusha, vijana wa TANU wa Chuo Kikuu wakahoji gazetini: utalii na ujamaa vitapikika chungu kimoja? Mjadala ukawaka, na Issa Shivji akaukusanya kuwa kitabu mwaka 1973. Hoja ni nzito: fedha za kigeni, utegemezi, kuwanyenyekea wazungu. Ila wanaosikika humo zaidi ni wasomi na maofisa, kwa Kiingereza. Mbeba trei anajadiliwa tu.

Mmarekani Arlie Hochschild, akiandika mwaka 1983 kuhusu wahudumu wa ndege, aliiita kazi ya hisia: mshahara unanunua mpaka uso wako. Kwetu jina tu ndilo lilikuwa jipya.

Nyerere, akieleza ujamaa mwaka 1962, alikumbusha methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyumbani ukarimu una mpaka, na mgeni anaujua. Hotelini siku ya tatu haifiki. Akae hata mwezi, jembe ni la mhudumu. Ndiyo maana hunikera nikisikia ati Watanzania ni wakarimu kwa asili. Sifa tamu, lakini kijana wa Gwata akienda Dar kuomba kazi hotelini inamponza kwenye mshahara: kama tabasamu kazaliwa nalo, mwajiri haoni ujuzi wa kulipia.