Tafakari za Majilio (Kajiado)

Tafakari za Majilio ni mafundisho mafupi yanayofafanua masomo ya Biblia katika majuma yanayotangulia Noeli. Katika Kaunti ya Kajiado, Kenya, hutumiwa hasa na Wakatoliki, ambao parokia zao zimo katika Jimbo la Ngong (lililoundwa 1976), na Waanglikana wa Dayosisi ya Kajiado.

Wakati. Majilio huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na 30 Novemba na kuisha jioni ya 24 Desemba. Rangi yake ni zambarau. Jumapili ya tatu huruhusu rangi ya waridi.

Maudhui. Kwa Wakatoliki, Jumapili ya kwanza huhimiza kukesha. Ya pili na ya tatu humhusu Yohane Mbatizaji. Ya nne, Maria au Yosefu, kufuatana na mwaka wa mzunguko wa masomo ya Misa. Usiku wa Noeli husomwa Luka 2, habari ya wachungaji waliokuwa wakilinda kundi kondeni, kazi inayofahamika vyema katika kaunti ya wafugaji wa Kimaasai.

Matumizi. Tafakari hutolewa kanisani na pia katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walizipa kipaumbele mwaka 1976. Majirani hukutana nyumbani kwa mmoja wao, Injili ikasomwa, kila anayetaka akasema neno lililomgusa, kisha wakaombeana. Katika Kitengela, mji wa kaunti hii ulio kando ya barabara ya Namanga, wenye wakazi wengi wanaofanya kazi Nairobi, Kiswahili huwaunganisha waumini wa makabila mbalimbali.