Litowa: Hiari na Amri Katika Vijiji vya Ujamaa

Leo tuvuke mpaka twende kwa jirani yetu wa kusini, Tanzania, tukajifunze maneno mawili ambayo historia iliyakutanisha kwa uchungu: hiari na amri.

Huenda umezoea kusikia kwamba vijiji vya ujamaa vilibuniwa na serikali. Hata hivyo, kimojawapo kilicho mashuhuri kilitangulia Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mnamo 1960, kabla ya uhuru, vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga waliingia porini Litowa, wilayani Songea, ili waishi na kulima pamoja. Jaribio la kwanza lilishindwa. Wakajipanga upya, wakarudi. Vijiji vingine vikafuata, vikaungana katika Shirika la Maendeleo la Ruvuma. Mshauri wao, Mwingereza Ralph Ibbott, alihamia Litowa pamoja na familia yake.

Je, ungejiunga nao, ungekuta nini? Usingekuta raha. Ungeshika jembe katika shamba la wote, kisha ungeketi mkutanoni, mahali ambapo wanakijiji wenyewe waliamua walime nini na wagawane mapato vipi. Wanao wangesoma katika shule ya Litowa, ambako kilimo kilikuwa sehemu ya masomo. Na lililo kubwa zaidi, ungekuwa umeingia kwa ridhaa yako.

Mwalimu Nyerere alivutiwa na vijiji hivyo. Katika andiko lake la Ujamaa Vijijini, la Septemba 1967, alisisitiza kwamba watu washawishiwe, wasilazimishwe. Lakini miaka miwili baadaye, Septemba 1969, Kamati Kuu ya TANU ililivunja shirika hilo, na mali zake zikachukuliwa. Wanakijiji waliozoea kujiamulia mambo yao walikuwa wamewatia hofu viongozi waliozoea kutoa maagizo.

Mnamo Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuhamia vijijini ni amri. Mamilioni ya watu walihamishwa, na mahali pengine nyumba zilichomwa ili wenyewe wasirudi. Waliotetea amri hiyo walikuwa na hoja: ni rahisi kuwapelekea watu shule, maji na zahanati wakiishi karibu karibu. Tena hiari huenda polepole, kwani hadi kuvunjwa kwake shirika la Ruvuma lilikuwa na vijiji visivyofika 20. Lakini serikali inaweza kuhamisha nyumba ya mtu, si moyo wake. Mashamba mengi ya pamoja yalilimwa shingo upande, huku kila mmoja akiharakisha kurudi kwenye shamba lake mwenyewe.

Wahenga walisema, hiari yashinda utumwa. Hekima hiyo leo imo hata katika sheria. Fungua Katiba ya Kenya, kifungu cha 36, kisha Katiba ya Tanzania, ibara ya 20. Utaona kwamba zote mbili zinalinda uhuru wa mtu kujiunga na wenzake, na zote mbili zinakataza mtu kulazimishwa kujiunga. Zisome kwa Kiswahili, uzilinganishe. Kisha ujiulize: katika chama, kikundi au ushirika ulimo leo, je, uliingia kwa hiari? Na ukitaka kutoka, mlango u wazi?