Alikufa maskini, sauti za wengine zikamfufua

Wadau mnaolala na hadithi za kutisha masikioni, huyu jamaa mnamjua? H. P. Lovecraft, mtu wa Providence, Marekani. Hadithi zake alizipeleka kwenye jarida la Weird Tales, akalipwa kiduchu. Saratani ilimuua mwaka 1937, akiwa na miaka 46, mfukoni hana kitu.

Miaka 8 baadaye, Novemba 1945, redio ya CBS ikaigiza "The Dunwich Horror" kwenye kipindi cha Suspense, na nyota wa sinema Ronald Colman akiongoza. Zimwi la hadithi hiyo halionekani kwa macho, kwa hiyo redio haikupungukiwa kitu. Sikio ndo lilifanya kazi yote!

Mwaka 2005 ukaanzishwa mradi wa LibriVox. Watu wa kawaida, wengi hata sura hatuwajui, wanajirekodi wakisoma vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha, zikiwemo hadithi za Lovecraft. Hawalipwi hata senti, na sisi tunasikiliza bure.

Mwenyewe hakuonja hata robo ya sifa hizi. Inauma, eti?

Haya, nani anathubutu kumsikiliza usiku, peke yake, taa imezimwa?