Uzito kabla ya upasuaji wa kupunguza unene

Ni kilo anazopunguza au kuongeza mgonjwa tangu aamue kupasuliwa hadi siku anapoingia chumba cha upasuaji. Nchini Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili-Mloganzila, Dar es Salaam, inajulikana kwa huduma za kupunguza uzito, ikiwemo ya kuweka puto tumboni. Mkazi wa Izigo, wilayani Muleba, huifuata zaidi ya kilomita 1,000, ila maandalizi yanaanzia jikoni kwake.

Penye kazi ni kwenye ini. Mtu mnene mara nyingi ana ini lililojaa mafuta, na upande wake wa kushoto hufunika sehemu ya juu ya mfuko wa chakula. Daktari anayepasua kwa matundu madogo hana budi kulinyanyua. Likiwa kubwa na zito, huchanika na kuvuja damu upesi. Mlo hafifu wa wiki 2 hadi 4 hulisinyaza. Hapo sinia ya Mhaya wa Muleba huguswa: ebitoke, yaani ndizi za kupika, vinapimwa kwa vipande, samaki wa ziwani na maharage vinatangulia, rubisi, pombe ya ndizi, inaachwa kabisa. Anayetumia dawa za kisukari asianze mlo huu kabla daktari hajarekebisha dozi, sukari isije ikashuka ghafla. Wapo pia wanaokiaga chakula kwa kula kupita kiasi. Hao hufika kwenye meza ya upasuaji na ini lilelile, au baya zaidi.

Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2020 ulifuatilia wagonjwa 480,075. Waliofariki ndani ya siku 30 baada ya upasuaji walikuwa 511, na waliopungua kabla, hata chini ya asilimia 5, walikuwa na hatari ndogo kuliko wasiopungua. Lakini kupungua mapema si dhamana ya wembamba wa baadaye. Mwaka 2016 chama cha wapasuaji wa fani hiyo Marekani kilipinga bima kumlazimisha mgonjwa apungue kwanza ndipo ilipe, na kwa haki: anayeshindwa kupungua ndiye hasa anayehitaji kisu.

Baada ya upasuaji wa kukata takriban asilimia 80 ya mfuko wa chakula, uzito hushuka kwa kasi mwaka wa kwanza, kisha hutulia, na wengi hurudisha kilo kadhaa. Vidonge vya vitamini na vipimo vya damu havina mwisho. Vinaendelea maisha yote.