Nani Atamsikiliza Mwenye Mawazo?

Nairobi, ukitaka kumtania mwenzako unamwambia ametoroka Mathari. Vuka mpaka uingie Tanzania, wataambizana "huyu wa Mirembe", kwa sababu ya hospitali iliyoko Dodoma tangu 1927. Utani huohuo humngoja kijana anayetangaza nyumbani kwamba anataka kusomea tiba ya akili. "Eti nini? Kazi ya vichaa?" Hebu basi, vijana wenzangu, tuitazame historia ya kazi hii, tuone ni nani waliokuwa wakiifanya huku sisi tukicheka.

Mathari ilifunguliwa mwaka 1910, mahali palipokuwa pa kuwatenga wagonjwa wa ndui. Serikali ya kikoloni haikuhangaika sana na kuponya. Ilitaka pa kumweka mtu anayesumbua. Wazungu walilazwa kwao, Waafrika kwao.

Mwaka 1938 hospitali ikakabidhiwa kwa J. C. Carothers, daktari wa kawaida wa serikali ambaye hakuja na ubingwa wa magonjwa ya akili. Aliisimamia hadi 1950. Katika hesabu zake aliona wagonjwa wachache wa sonona, ile huzuni nzito inayomlemea mtu wiki nenda wiki rudi. Akahitimisha kwamba Mwafrika huipata kwa nadra. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kazi yake, na humo akamfananisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo! Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikachapisha maandishi yake kuhusu Mau Mau. Watu waliopigania ardhi wakaelezwa kama watu waliovurugika akili.

Kosa lilikuwa wapi? Fikiria mwenyewe. Aliyefikishwa Mathari ni yule aliyevunja vioo au kupiga watu sokoni. Mama aliyekaa kimya jikoni, halali, hali, nani angempeleka? Hata angepelekwa, angesema: "Daktari, nina mawazo." Kwa anayejua Kiswahili cha kamusi tu, mawazo ni mambo mtu anayofikiri. Lakini mimi na wewe tunajua kwamba mwenye mawazo anaumia.

Waliojibu hoja hizo walikuwemo madaktari wenyewe. Frantz Fanon, aliyezaliwa Martinique na kufanya kazi katika hospitali ya akili ya Blida, Algeria, kuanzia 1953 hadi 1956, alimshambulia Carothers waziwazi katika kitabu chake cha 1961. Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria alijibu kwa vitendo. Alisomea Uingereza, akarudi kwao Abeokuta, na kuanzia 1954 akaanzisha utaratibu wa pekee huko Aro. Wagonjwa hawakufungiwa. Walipanga vyumba kwa wanakijiji jirani na hospitali, kila mmoja na ndugu yake wa kumwangalia, na waganga wa jadi wakashirikishwa. Kumbe mgonjwa aweza kutibiwa huku akiendelea kuitwa baba fulani, mama fulani!

Basi anayechagua kazi hii leo anaingia katika ubishi ulioanza zamani. Njia ni nyingi: udaktari kwanza kisha ubingwa, uuguzi wa akili, saikolojia, ushauri nasaha. Masomo ni marefu, na utani hautakwisha upesi. Lakini mtaani kuna vijana wanaosema "niko poa" huku wanazama, na wazee wanaosema kifua kinawabana wakati kinachowabana ni msiba wa mwaka juzi. Anayeweza kuyasikia hayo ni mtu aliyekulia ndani ya lugha hiyo, kisha akaenda shule kujifunza la kufanya.

Nanyi mnaoshika kalamu, kusikiliza maneno ya watu ni kazi mliyokwisha kuianza. Wengine wenu ifikisheni hospitalini. Tukiiacha nafasi hiyo wazi, atakuja mwingine kutuhesabu, na ataandika anavyojua yeye.