Hesabu za Padri wa Morebath

Kazi ya uandishi wa habari imenisomesha ripoti nyingi za mapato na matumizi, na kusema kweli nyingi zinasinzisha. Sikutegemea kabisa kukesha na hesabu za parokia ya familia 33 tu, tena za karne ya 16, huko Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza.

Parokia yenyewe ni Morebath. Padri Christopher Trychay alifika 1520, akakaa hadi kifo chake 1574. Miaka 54, kijiji kimoja! Hesabu ziliandikwa ili zisomwe kwa sauti mbele ya waumini, ndiyo maana unamsikia mtu akiongea: analalamika, anashukuru, anataja nani kaleta nini. Kanisa lilikuwa na kondoo wake, wakitunzwa na wanakijiji, na sufu yao ikigharimia mishumaa ya watakatifu. Padri mwenyewe alitamani jambo moja, mavazi meusi ya misa ya wafu. Alidunduliza karibu miaka 20. Yalipopatikana mwaka 1547, Edward VI, mtoto bado, ndiyo kwanza amerithi kiti, na serikali yake ikaanza kufuta ibada zenyewe. Jamani!

Mwaka 1549 kikaja Kitabu cha Sala cha Kiingereza, kwa amri. Watu wa Devon na Cornwall wakaasi, wakauzingira mji wa Exeter. Katika hesabu za mwaka huo kuna vijana watano waliopewa pesa za safari. Safari ya wapi? Wasomaji wa awali walikosea jina la mahali, mpaka mwanahistoria Eamon Duffy, katika The Voices of Morebath (2001), aliposoma upya mwandiko wa padri: St David's Down, kambi ya waasi. Kijiji kizima kiliwachangia vijana wake wakapigane na mfalme, na padri akaiandika pesa hiyo kama anavyoandika ya nta.

Uasi ulizimwa kwa damu. Mary alipotawala, 1553, watu wakatoa majumbani vitu vya kanisa walivyokuwa wameficha, na padri akaviorodhesha kwa furaha isiyojificha. Akaja Elizabeth, vikaondolewa tena. Trychay hakuondoka. Wapo watakaomwita kinyonga, mimi nimeshindwa. Kondoo walikuwa wameisha, watakatifu wameshushwa, ila watu walikuwa walewale, na yeye akaendelea kuwasomea hesabu zao.