MKONDO WA FIKRA SI JENGO LA CHUO

Katika madarasa ya itikadi huku Kaagya tumekwisha kuwasikia vijana wakikiita kila kitabu kilichoandikwa Mlimani "mawazo ya Shule ya Dar es Salaam". Matumizi hayo ni potofu. Sisi wa Bukoba na Muleba tunaweza kuyapima kwa historia ya kwetu wenyewe.

Chuo kilianza mwaka 1961, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki 1963, na chuo kikuu kamili 1970. Shule ya Dar es Salaam ni swali, si majengo hayo. Terence Ranger, Isaria Kimambo, Arnold Temu na wenzao waliuliza: Mwafrika alitenda nini katika historia yake, badala ya kutendewa tu? Historia ya Tanzania iliyohaririwa na Kimambo na Temu mwaka 1969 ni tunda la swali hilo. Mwaka 1970, Denoon na Kuper wa Makerere walipoushambulia mkondo huo, Ranger alikwisha hamia Los Angeles. (Hata wanafikra wa Frankfurt walihamia New York mwaka 1934 wakimkimbia Hitler, na jina la Frankfurt likabaki nao.)

Tutazame mapambano ya kahawa ya Bukoba ya 1937, wakulima walipozikataa kanuni za ukulima wa zao hilo. Mkondo ule huyaona kuwa hatua ya kuelekea uhuru. Ni sawa, lakini haitoshi: mwenye nyarubanja na mkulima aliyemlipa kodi wanatiwa katika kapu moja la "Wahaya". Uchambuzi wa kitabaka, uliopata nguvu Mlimani humo humo kwa kazi za Walter Rodney na Issa Shivji, hudai tuulize kodi hiyo ilimnufaisha nani, hadi Bunge likalazimika kutunga sheria ya nyarubanja mwaka 1965. Temu mwenyewe, pamoja na Bonaventure Swai, aliukosoa mwaka 1981 mkondo alioshiriki kuujenga.

Na Göran Hydén? Mwaka 1968 alichapisha utafiti wake wa TANU katika Buhaya, kisha akafundisha Mlimani. Lakini katika kitabu chake cha 1980 alishikilia kwamba mkulima mdogo wa Tanzania bado hajatekwa, si na dola wala na ubepari. Wachambuzi wa kitabaka walimpinga vikali.